Tairi za Kila Siku

Igoki alirudi kutoka kanisani akakuta gari lake limebadilishwa miguu. Lilikuwa palepale alipoliacha, chini ya mwavokado, lakini sasa lilikuwa na rimu nyeusi zenye mstari mwekundu na tairi pana, nyembamba ubavuni, zilizopakwa mafuta mpaka zikang'aa. Hakuhitaji kuambiwa ni za nani. Kianjokoma nzima ilizijua rimu za shemeji yake Munyi, kwa sababu Munyi alikuwa na tabia ya kuziosha kando ya barabara, mahali ambapo kila mpita njia angeziona.

Mumewe Nyaga alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, akisugua grisi mikononi kwa sabuni na mchanga.

"Baba Ciakuthii, tairi zangu ziko wapi?"

"Munyi amechukua na rimu zake. Ni hii wiki tu, mpaka Jumamosi. Gari zenu si ni aina moja, zinaingiliana."

"Amechukua kwa nani?"

"Si mimi nimempa."

Alisema hivyo kama mtu aliyempa ndugu yake chumvi ya kutilia mboga. Igoki aliweka biblia yake juu ya boneti, taratibu.

"Na hukuona ni vizuri kuniuliza?"

"Ulikuwa kanisa. Na wewe unajua ile barabara ya kwa kina Karambu."

Igoki aliijua kwa kusimuliwa. Karambu alikuwa mchumba wa Munyi, msichana wa milimani huko juu ya Nkubu, na kutoka kwenye lami hadi kwa baba yake ni mwinuko mtupu wa udongo mwekundu. Munyi alipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha, mvua ilinyesha, gari likakwama, na wakwe watarajiwa wakatoka na nguo zao nzuri kuja kulisukuma. Munyi alibaki ndani ameshika usukani. Tope lilimrukia mzee Mithika, baba ya Karambu, mpaka kwenye miwani. Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya ruracio, siku ya kupeleka mahari, na bwana harusi hakutaka kusukumwa tena.

Kilichomuuma Igoki hakikuwa kuazimwa peke yake. Aliponunua tairi zile mwezi wa nane, kwa mshahara wake, Munyi ndiye aliyemcheka mbele ya watu pale sokoni.

"Hizi all-season ni za akina mama," alisema. "Hazijui kama ni za jua ama ni za mvua. Tairi ni ya sport, ile ya summer. Ukipiga kona inashika."

Nyaga alicheka pamoja naye. "Tairi ni tairi," alisema, akafunga mjadala ambao hakuwa ameufungua.

Lakini Igoki hakununua kwa kubahatisha. Kila siku ya kazi asubuhi ilimkuta kwenye ukungu wa mashamba ya majani chai, baridi ya kutia vidole ganzi, barabara imelowa. Kabla jua halijapanda sana alikuwa ameshashuka mpaka nchi kavu ya Mbeere, kwenye zahanati alikofanya kazi ya maabara, mahali ambapo lami hulainika kwa joto na mbuzi hulala kwenye vivuli vya magari. Aliwahi kuazima gari la Munyi siku lake lilipokuwa kwa fundi, na alikiri kwamba huko chini, kwenye lami kavu yenye moto, zile tairi za kiangazi zilikuwa tamu. Breki ilishika papo hapo. Kona aliichukua bila gari kulala upande. Za misimu yote hazikufika hapo, na zilivuma kidogo, na mtu asiyesema hivyo ni mwongo. Lakini alikumbuka pia kurudi kwake jioni ileile, mpira umepata baridi ukawa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, mifereji yake michache imejaa tope, gari likienda mbele na upande kwa wakati mmoja. Mtu wa kwenda na kurudi kila siku hawezi kuchagua tairi ya nusu ya safari.

Kwa hiyo wanaume wale walijua. Tofauti waliyoikana tangu mwezi wa nane waliijua vizuri sana, ila walisubiri mpaka tope liwe la Munyi ndipo waikubali.

*

Jumatatu kuliamka na mvua ile ndogo isiyo na haraka ya kuisha. Ciakuthii, binti yao wa gredi ya tatu, aliyepewa jina la nyanya yake mzaa baba, alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma na begi lake mapajani. Shule yake ilikuwa njiani.

Igoki alirudi mlangoni mwa chumba cha kulala. "Baba Ciakuthii, mpigie Munyi arudishe hizo vitu. Kunanyesha."

"Saa hizi amelala," Nyaga alijibu chini ya blanketi. "Wewe enda polepole. Tairi ni tairi."

Angekataa kwenda. Watu walikuja kumwambia hivyo baadaye, watu ambao hawakuwa na foleni ya akina mama wajawazito wakiwasubiri kupimwa damu, na ambao mkubwa wao wa kazi hajawahi kuwauliza mbele ya wagonjwa kama wanadhani zahanati ni ya mama yao.

Alienda polepole. Hilo lijulikane, kwa sababu lilikuja kubishiwa sana. Alienda polepole hata bodaboda wakampita. Kwenye mteremko wa kituo cha kununulia majani chai, pale malori huacha tope juu ya lami, mwanamke mwenye kikapu mgongoni aliingia barabarani, na Igoki akakanyaga breki. Gari halikusimama. Halikupiga hata kelele. Liliteleza tu kimya kimya, kama sabuni kwenye sakafu ya bafu, usukani ukizunguka bure mikononi mwake, mpaka likamkosa yule mwanamke, likaingia mtaroni na taa ya kushoto ikapasuka.

Kwa muda kidogo kulikuwa na mvua tu. Kisha Ciakuthii akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

"Mama, mkono wangu umeangalia nyuma."

*

Jioni ya siku iliyofuata walikaa kwa mama mkwe, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka ya Nyaga. Gari lilikuwa limevutwa hadi uani. Munyi alifika na tai shingoni, akalipita dirisha alipokaa mtoto, akachuchumaa mbele ya gari na kupitisha kidole kwenye rimu ya kushoto. Alipoingia ndani ndipo alipomsalimia Ciakuthii, aliyekuwa kwenye mapaja ya nyanya yake, mkono ndani ya plasta nyeupe hadi juu ya kiwiko.

"Rimu imekwaruzwa," alisema. "Lakini si neno. Pole, Mama Ciakuthii. Ulikuwa unaongea na simu?"

"Hapana."

"Basi ulikanyaga breki kwa nguvu. Hizo tairi hazitaki mtu wa kushtuka. Zinataka dereva."

"Sawa. Nirudishie zangu, za mtu asiye dereva."

Nyaga alikohoa. "Jumamosi si mbali."

"Yeye hawezi kwenda Nkubu na zake?"

"Kwa ile tope?" Munyi alisema haraka, kisha akasikia alichokisema.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Igoki alimtazama mumewe usoni, akingoja. Mwanaume mzima, baba wa mtoto mwenye plasta, alikuwa akichunguza kucha zake kutafuta grisi iliyokwisha kuoshwa tangu Jumapili. Igoki alimchukia wakati huo, na hakujisumbua kujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amemlisha mjukuu uji kwa kijiko tangu atoke hospitali. Lakini alikuwa na mtoto wa mwisho wa kuoza, na aliwaogopa wakwe wa Nkubu kuliko alivyoogopa kukosea.

"Mwanangu," alimwambia Igoki, "hii ni siku ya shemeji yako. Mkono wa mtoto utapona. Jina la nyumba likivunjika halifungwi plasta. Na huko kwa watu tusiseme ni gari. Watasema tunawaletea mikosi. Tutasema alianguka kwa mti."

"Mti gani, Cucu?" Ciakuthii alimuuliza nyanya yake.

"Huo mwavokado wenu."

"Lakini mimi sikupanda."

"Sasa umepanda," Munyi alisema akicheka, akatoa peremende mfukoni akamtilia kwenye mkono mzima.

*

Jumamosi msafara ulikuwa na magari matatu: gari la Munyi mbele, limefungwa riboni, basi dogo la wazee na akina mama, na pikapu ya Kithaka, jirani yao, iliyobeba mtungi wa asali, blanketi, unga, soda na kondoo wawili waliofungwa miguu. Igoki alipangiwa kukaa gari la mbele, nyuma, na mwanawe, kwa sababu shemeji mwenye kazi ya serikali huonekana vizuri mbele ya wakwe. Nyaga alikaa kando ya dereva.

Walipoacha lami juu ya Nkubu, mlima mwekundu ukawasimamia mbele, umelowa mvua ya usiku. Basi dogo lilibaki chini na wazee wakashuka kutembea, suruali zimekunjwa. Gari la Munyi lilipanda, pikapu ya Kithaka nyuma yake. Igoki alizisikia tairi zake chini ya miguu yake, zikiuma tope na kulitema, zikiuma na kulitema, mvumo uleule aliouzoea kila asubuhi. Hazikuyumba hata mara moja.

"Mmeona?" Munyi alisema, akipigapiga usukani. "Gari ni dereva."

Nyaga alicheka. Ciakuthii alimtazama mama yake, kisha akatazama nje.

Getini wanawake wa nyumba ile walikuwa wamefunga njia kwa leso, wakiimba na kudai kitu cha kufungulia, na Munyi akatoa, akapigiwa vigelegele. Mizigo ikashushwa. Buti la gari likaachwa wazi. Wanaume waliingia sebuleni kuzungumza, mlango ukafungwa, na wanawake wageni wakaelekezwa jikoni.

Karwirwa, mama ya Karambu, aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona kila kitu. "Muga," aliwasalimia mmoja mmoja, na alipofika kwa Ciakuthii akainama. "Na huu mkono, mama yangu? Umefanya nini?"

Ciakuthii alimtazama nyanya yake. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyelelewa vizuri.

"Nilianguka kwa mwavokado. Nilikuwa nachuma za kuwaletea."

Hilo la kuwaletea hakuna aliyemfundisha. Alilitunga mwenyewe, ili uongo wa watu wazima ukae vizuri. Wanawake wote jikoni wakasema "ooh" kwa huruma, na mama mkwe akamshika mjukuu kichwa kwa fahari, na Igoki akahisi kitu ndani yake kikikatika, kitu ambacho hata mtaro haukukikata.

"Ciakuthii," alisema. "Sema vile ilikuwa."

"Cucu alisema nisiseme."

"Mimi ndiye mama yako. Sema."

Mtoto alimgeukia Karwirwa. "Gari yetu iliteleza. Anko alikuwa amechukua tairi zetu, ndio yake isiteleze huku kwenu."

Mama mkwe alifunika uso kwa kanga. Igoki hakungoja kuona nini kitafuata. Alivua kitenge chake kizuri, akakikunja, akakiweka kwenye kiti, akatoka nje na sketi yake ya ndani na blauzi ya kanisani, kwenda kwenye buti lililo wazi.

*

Miiba ya Mbeere ilikuwa imemfundisha kufungua gurudumu kwa haraka kuliko wanaume wengi. Alilegeza nati zote kwanza, akisimama juu ya spana kwa uzito wake. Kisha akaweka jeki, akaanza kuizungusha, na jeki ikazama kwenye tope badala ya kuinua gari. Aliichomoa, akaiweka tena, ikazama tena. Hapo ndipo alipokaribia kulia.

Kivuli kilimwangukia. Karwirwa alikuwa amesimama juu yake.

"Wewe ni mke wa huyo mkubwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hizi tairi ni zako kweli?"

"Ni zangu. Naenda nazo kazi kila siku."

Karwirwa aliliangalia gari lenye riboni, kisha akaangalia mlango wa sebule, ambapo sauti ya Munyi ilisikika ikiahidi jambo. Akaondoka. Igoki alidhani ameenda kuita wanaume. Alirudi na kipande cha ubao kwapani, na nyuma yake wanawake wawili wa nyumba ile wakibeba mawe ya kujengea.

"Weka ubao chini ya jeki," alisema. "Na hapa weka mawe. Isikuangukie. Umeshaumiziwa mtoto, inatosha."

Karambu mwenyewe alitokea kwenye pembe ya nyumba, amevalia gauni la siku hiyo, nywele zimesukwa vizuri. Alitazama gurudumu la kwanza likitoka.

"Aliniambia amenunua hizo kwa ajili ya barabara yetu," alisema.

Igoki alimpa nati ashike. Karambu alizipokea kwenye kiganja, grisi na tope na yote, akabaki amezishika.

Gurudumu la tatu lilipotoka, Nyaga alitoka nje kutafuta choo. Alisimama kama mtu aliyesahau anakokwenda.

"Igoki." Alimwita kwa jina pale tu alipoogopa. "Unatuaibisha kwa watu."

"Aibu ilikuwa Jumatatu. Ulikuwa umelala."

"Haya maneno tungeongea nyumbani."

"Tuliongea nyumbani. Ndipo mtoto wangu akafundishwa mti." Aliinua uso, na Nyaga akarudi nyuma nusu hatua. "Kama unataka kusaidia, bingirisha hilo moja mpaka kwa pikapu. Kama hutaki, nenda choo."

Nyaga alitazama mlango wa sebule. Alitazama gurudumu. Mwishowe alienda choo.

Kithaka alikuwa kwenye pikapu yake akila chapati. Alipoona gurudumu la kwanza likipandishwa nyuma, alifuta mikono, akashuka na kuyapandisha yaliyobaki.

"Munyi atakuuliza," Igoki alimwambia.

"Mimi nabeba mzigo. Nilipokea wa kuja, nitapokea wa kurudi."

Igoki alirudi jikoni akavaa kitenge chake. Mama mkwe alikuwa kwenye kona na kikombe cha chai kilichopoa. Aliweka kikombe chini, akamsaidia Ciakuthii kuvaa sweta, taratibu, akipitisha mkono wa plasta kwanza. Pikapu iliondoka ikishuka mlima kwa gia ndogo, mama na mtoto mbele, magurudumu manne nyuma mahali palipokuwa na kondoo.

*

Wanaume walipotoka sebuleni, mambo yamekubaliwa na mikono imeshikwa, walilikuta gari la bwana harusi limekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Riboni zilikuwa bado zimefungwa. Wazee wa upande wa Munyi walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine. Basi lao lilikuwa likiwasubiri chini kwenye lami, na mawingu yalikuwa yameshafunika mlima wote.

Mzee Mithika alilizunguka gari lile polepole na fimbo yake. Mkewe alimsogelea, akamwambia maneno machache ya Kimeru sikioni. Mzee hakubadilika uso. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

Munyi alikuwa akijaribu kucheka. Aliangalia huku na huku, akaona kwenye banda la ng'ombe gari kuukuu la mzee, lile la kupelekea maziwa, limejaa tope hadi madirishani. Alichungulia tairi zake. Zilikuwa na meno mazuri. Alihesabu nati kwa macho.

"Baba," alisema kwa heshima zote, "sijui kama unaweza kuniazima hizo. Naona zinaingia kwa yangu. Ni mpaka kesho tu. Kesho mapema narudisha."

Karambu alikuwa bado amesimama penye pembe ya nyumba, kiganja chake cheusi kwa grisi. Mzee alimtazama binti yake kwa muda, kisha akamgeukia kijana.

"Hapana," alisema. "Hizo natumia kila siku."